Maswali Yenu kuhusu Sanaa: Wanawake Wako Wapi katika Historia ya Uchoraji?

Tangu tulipochapisha makala kuhusu wachoraji wa Paris wa karne ya 19, barua nyingi zilizotufikia zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mbona karibu majina yote ni ya wanaume? Tumechagua barua nne, na safari hii tumeipa safu hii yote nafasi ya kuzijibu.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Kitabu ninachotumia kufundishia historia ya sanaa kinataja wachoraji wengi, lakini wanawake waliomo hawafiki hata wanne. Hivi karibuni mwanafunzi wa kike aliniuliza kama ina maana wanawake hawana kipaji cha kuchora. Nilimjibu kwamba wanacho. Akataka ushahidi. Nimweleze nini?
*Mwalimu wa Sanaa, Morogoro*

Mwalimu, swali la binti huyo ndilo lililoitikisa taaluma nzima ya historia ya sanaa. Januari 1971 Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, alichapisha katika jarida la ARTnews insha ndefu iliyouliza kwa nini hapajapata kuwepo wanawake wasanii wakubwa. Majibu mawili yalikuwa tayari midomoni mwa watu: ama wanawake hawakujaliwa kipaji hicho, ama wakubwa walikuwepo tele ila wamesahauliwa, na kazi iliyobaki ni kuwafukua. Nochlin hakuridhika na lolote kati ya hayo. Alieleza kwamba swali lenyewe linabeba dhana potofu, yaani kwamba ukubwa wa msanii ni kitu anachozaliwa nacho mtu na kwamba kitajitokeza tu, azuiwe asizuiwe. Kwa hoja yake, usanii hufundishwa, hugharimiwa na hutambuliwa na taasisi. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kundi fulani la watu halikutoa wachoraji mashuhuri hana budi kuchunguza kwanza nani aliruhusiwa kuingia darasani.

Na darasa lenyewe lina historia yake. Kwa karne kadhaa, mchoraji wa Ulaya aliyetaka kuheshimiwa alipaswa kuumudu mwili wa binadamu, kwa kuwa picha zilizopewa daraja la juu kabisa zilikuwa zile za visa vya dini, vita na hekaya za Wayunani wa kale, ambazo zimejaa watu walio uchi au nusu uchi. Ujuzi huo ulipatikana katika chumba ambamo mtu alikaa bila nguo mbele ya wanafunzi wakamchora, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia humo. Aliyenyimwa chumba hicho alibaki na maua, matunda, wanyama na sura za jamaa zake. Kisha wahakiki wakaandika kwamba wanawake kwa maumbile yao hupenda mambo madogo madogo. Mimi naona huo ni udhalimu wa aina mbili kwa pamoja, kwa sababu mtu alifungiwa mlango, halafu kule kubaki kwake nje kukafanywa ushahidi wa udhaifu wake.

Ukiweza kuwaonyesha wanafunzi wako picha moja tu, waonyeshe ile ambayo Johan Zoffany aliichora kati ya mwaka 1771 na 1772, ikiwakusanya wanachama wa Royal Academy ya London. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1768, na miongoni mwa waasisi wake walikuwemo wachoraji wawili wanawake, Angelica Kauffman na Mary Moser. Katika picha hiyo wanaume wamesimama na kuketi chumbani, wakizungumza, huku mwanamume aliye uchi akiwekwa sawa ili achorwe. Kauffman na Moser hawamo miongoni mwao. Zoffany amewaweka ukutani, kama picha mbili zilizotundikwa juu, maana haikuwa adabu waonekane katika chumba chenye mtu aliye uchi. Waasisi wa chuo wamegeuzwa mapambo ya ukuta wa chuo chao. Wape wanafunzi nafasi ya kuwatafuta wenyewe kabla hujawaambia walipo.

Baada ya wawili hao chuo kilikaa miaka mingi bila kumchagua mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili, hadi Laura Knight alipochaguliwa mwaka 1936. Upande wa wanafunzi, Laura Herford alikubaliwa mwaka 1860 kwa sababu alipeleka michoro yake akiwa ameandika herufi ya kwanza tu ya jina lake, nao wakadhani ni mwanamume. Ruhusa ya wanafunzi wa kike kumchora mwanamume aliyesitiriwa kiasi ilikuja mwaka 1893. Kule Paris, chuo cha serikali cha École des Beaux-Arts kilianza kuwapokea wanawake mwaka 1897. Kabla ya hapo aliyekuwa na fedha alisoma katika shule za binafsi, kama ile ya Julian, ambako mwanamke alitozwa karo kubwa kuliko mwanamume.

Huyo Laura Knight aliwahi kuyajibu haya kwa brashi. Mwaka 1913 alijichora akiwa kazini: amesimama akitupa kisogo, amevaa kofia na sweta jekundu, mbele yake mwanamke aliye uchi, na pembeni turubai ambalo juu yake mwanamke yuleyule anaanza kuonekana. Ukiitazama picha hiyo unamwona mwanamke mmoja mara mbili, na aliyeshika brashi ni mwanamke aliyekuwa amefundishwa kwa kuchora sanamu za plasta kwa kuwa mtu halisi alikatazwa kumtazama. Royal Academy iliikataa isionyeshwe katika maonyesho yake. Leo imetundikwa National Portrait Gallery, London.

Wengine walipata njia za kuzunguka vizuizi. Rosa Bonheur alipewa na polisi wa Paris kibali cha kuvaa suruali, ili aweze kwenda machinjioni na kwenye soko la farasi bila kusumbuliwa. Matunda yake ni ile picha kubwa ya soko la farasi, yenye upana wa takriban mita 5, ambayo sasa iko Metropolitan Museum, New York. Suzanne Valadon, aliyezaliwa mwaka 1865 na mama fukara asiye na mume, hakuwa na karo ya shule yoyote ya uchoraji. Alijipatia riziki kwa kukaa achorwe na akina Renoir na Toulouse-Lautrec, na wakati wakimtazama yeye, naye aliwatazama mikono yao. Mwaka 1923 alichora picha inayoitwa Chumba cha Buluu. Mwanamke mnene amejilaza kitandani kama walivyojilaza wanawake wengi wa wachoraji wa kiume, lakini huyu amevaa suruali ya mistari, ana sigara mdomoni, na miguuni pake pana vitabu. Hamtazami anayemtazama, wala hafanyi jitihada ya kumpendeza mtu yeyote.

Kwa hiyo binti huyo mwambie hivi: wanawake walichora, wengi wao vizuri sana, na wachache kuliko wanaume walifika mbali kwa sababu sheria, ambazo zimeandikwa na tarehe zake zinajulikana, ziliwazuia wasifundishwe. Huo ndio ushahidi aliouomba.

Mhariri, nimesikia kwamba picha zilizochorwa na wanawake zilikuwa zikiuzwa kwa majina ya wanaume. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?
*Msomaji, Mombasa*

Ni kweli. Nitakupa kisa kimoja, kwa sababu mwisho wake unafundisha kuliko mwanzo wake.

Mwaka 1917 Metropolitan Museum ilirithishwa picha ya mwaka 1801 ya msichana aliyevaa gauni jeupe, ameketi akichora, mwanga ukimjia kutoka dirishani nyuma yake. Kioo kimoja cha dirisha hilo kimevunjika, na kwa mbali nje wanaonekana mwanamume na mwanamke wamesimama. Wakati huo iliaminika kwamba aliyeichora ni Jacques-Louis David, mchoraji mashuhuri wa zama za Mapinduzi ya Ufaransa, na watu waliisifu kama kazi ya bingwa. Mwaka 1951 mwanahistoria Charles Sterling alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba si ya David, akapendekeza kwamba huenda ni ya mwanamke, Constance Charpentier. Baadaye, katika miaka ya 1990, utafiti zaidi uliipeleka kwa mchoraji mwingine wa kike, Marie-Denise Villers, na hilo ndilo jina linaloandikwa leo.

Sasa angalia kilichotokea kwa ile sifa. Sterling alipoamua kwamba mkono ulioichora ni wa mwanamke, aliona kwamba picha ina ushairi wa kifasihi zaidi kuliko wa kiuchoraji, mvuto ulio dhahiri mno na udhaifu uliofichwa kwa werevu, na kwamba yote hayo yanadhihirisha roho ya kike. Turubai lilikuwa lilelile na rangi zilezile. Kilichobadilika ni jina tu, na papo hapo udhaifu ukaonekana.

Hali hiyo haikuishia Ufaransa. Mchoraji Lee Krasner alipokuwa mwanafunzi wa Hans Hofmann mjini New York katika miaka ya 1930, mwalimu wake alimsifu kwa kusema kwamba kazi yake ni nzuri kiasi kwamba mtu asingejua imefanywa na mwanamke. Miaka mingi iliyofuata alitajwa kwanza kama mke wa mchoraji Jackson Pollock.

Asalamu alaykum Mhariri. Bibi yangu alisuka mikeka ya ukindu maisha yake yote hapa Pemba. Alitia rangi mwenyewe, na nakshi zake hakuna aliyeweza kuziiga. Katika duka la hoteli moja niliona mikeka kama yake imewekwa sakafuni chini ya kibao cha kazi za mikono, na ukutani picha za rangi chini ya kibao cha sanaa. Nani aliamua hivyo?
*Bi Msusi, Pemba*

Waalaykumu salamu, Bi. Aliyeamua si mtu mmoja, lakini uamuzi huo una umri wake. Ulikuzwa katika vyuo vya sanaa vya Ulaya, ambavyo viliweka uchoraji na uchongaji juu, na kuweka chini yake ufumaji, ushonaji, ususi na ufinyanzi. Mwaka 1981 Rozsika Parker na Griselda Pollock, wanahistoria wa kifeministi (yaani wanaotetea usawa wa wanawake) wa Uingereza, walitoa kitabu walimoonyesha kwamba daraja hizo hazikupangwa kwa kuangalia ugumu wa kazi wala uzuri wake. Ziliangalia kazi inafanyiwa wapi, inafanywa na nani, na kwa ajili ya nani. Kazi iliyofanywa nyumbani, na mwanamke, kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, ilitoka katika hesabu ya sanaa hata kabla haijatazamwa.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba hata waliotangaza kuuvunja mpango huo waliurudisha kwa mlango wa nyuma. Shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus ilifunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na mkuu wake, Walter Gropius, akaahidi kwamba wanawake na wanaume watakuwa sawa. Wanawake walipojitokeza kwa wingi, wakuu wa shule waliingiwa na hofu, na wanafunzi wengi wa kike wakaelekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Anni Albers alitaka karakana ya vioo. Akajikuta kwenye kitanda cha mfumi. Hapo ndipo palipotokea baadhi ya kazi bora kabisa za shule ile. Kwa ajili ya diploma yake ya mwaka 1930, Albers alifuma kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa mikutano, akichanganya pamba na selofeni (utando mwembamba unaong'aa), kikawa kinanyonya sauti upande mmoja na kurudisha mwanga upande wa pili. Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilimfanyia maonyesho ya peke yake, mfumaji wa kwanza kupewa nafasi hiyo hapo.

Kwetu Afrika pia yupo anayefaa kutajwa kwa barua yako. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na akaenda Uingereza kusomea usanii wa matangazo. Katika miaka ya 1970 alisafiri hadi Abuja, Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja), akajifunza kufinyanga kwa mkono bila gurudumu kutoka kwa Ladi Kwali, mama aliyeinukia katika ufinyanzi wa kijijini na ambaye leo sura yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Odundo huujenga mtungi kwa kuunganisha mikunjo ya udongo, akausugua hadi ung'ae, kisha akauchoma. Ukichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya chungwa, na ukichomwa pasipo hewa huwa mweusi. Majumba makubwa ya Ulaya na Marekani yanayo mitungi yake, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha heshima cha Dame.

Lakini Bi, sitaki uelewe kwamba mkeka wa bibi yako unangoja New York iutundike ndipo uwe sanaa. Kupanga rangi za ukindu ili nakshi itokee pale tu ukili unapokutana na ukili mwenzake ni kubuni kitu kichwani kabla mkono haujakifikia, na mchoraji hafanyi zaidi ya hapo. Tatizo la duka lile ni kwamba jina la mchoraji liliandikwa chini ya picha, na jina la msusi halikuandikwa popote. Kama mikeka ya bibi yako bado ipo nyumbani, ipige picha, andika jina lake, mwaka na mahali alikosuka, na majina ya nakshi kama alivyoyataja mwenyewe.

Shikamoo Mhariri. Nasoma sanaa chuoni. Wenzangu wananiambia historia ya sanaa ya kifeministi ni mambo ya wanawake wa Kizungu na hayatuhusu. Ninatakiwa kuandika tasnifu. Nichague wasanii wa kike wa Ulaya au wa kwetu?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba, binti yangu. Wenzako wana hoja, ila hawajaifikisha mwisho. Ni kweli kwamba harakati za kifeministi za miaka ya 1970 mara nyingi zilisema "wanawake" zikimaanisha wanawake Wazungu. Kazi mashuhuri kuliko zote ya harakati hizo, ile meza ya karamu ya Judy Chicago iliyokamilika mwaka 1979 na ambayo sasa iko Brooklyn Museum, ina nafasi 39 za wanawake wa historia, na kwenye meza hiyo Mmarekani mweusi ni mmoja tu, Sojourner Truth. Sahani nyingi zina maumbo ya maua yanayoashiria uke. Ya Sojourner Truth ina nyuso. Mwandishi Alice Walker aliandika kwamba huenda wanawake Wazungu hawawezi kumfikiria mwanamke mweusi kuwa na mwili wa kike, na hoja hiyo haijapoteza uzito.

Hata hivyo wanawake weusi hawakungoja kualikwa. Mwaka 1970 Faith Ringgold alikuwa miongoni mwa walioandamana katika jumba la sanaa la Whitney, New York, wakidai nusu ya wasanii wa maonyesho yake ya mwaka wawe wanawake, na kuacha mayai sakafuni humo yawe ujumbe wao. Mwaka huo Betye Saar na Barbara Chase-Riboud waliingizwa katika maonyesho hayo. Ringgold mwenyewe alisubiri muda mrefu: picha yake ya mwaka 1967 ya damu na ghasia za kibaguzi barabarani ilinunuliwa na MoMA mwaka 2016.

Na wapo wa kwetu ndani ya historia hiyohiyo. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mchanga, baada ya baba yake kufariki. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na nakshi za kanga zimerudi mara nyingi katika kazi zake. Miaka ya 1980 hakuna jumba lililowataka wasanii wa kike weusi, kwa hiyo Himid aliandaa maonyesho mwenyewe. Ya mwaka 1985, katika taasisi ya sanaa za kisasa ya ICA mjini London, yalikusanya wanawake 11 wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia, nao wakapewa ukumbi wa kupitia, yaani ujia. Miongoni mwa waliotundikwa katika ujia ule walikuwemo Sonia Boyce, aliyeshinda Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu ya maonyesho ya sanaa ya Venice, mwaka 2022, na Veronica Ryan, aliyepata tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza, mwaka huohuo. Himid alikuwa ameipata tuzo hiyo mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Na aliweza kushindana kwa sababu mwaka huo tu masharti yaliyowazuia wenye umri wa miaka 50 na zaidi yalikuwa yameondolewa. Fikiria sharti hilo liliwakata wanawake wangapi waliolea kwanza ndipo wakarudi kwenye brashi.

Kwa hiyo huhitaji kuchagua kati ya Ulaya na kwetu. Chukua maswali ya Nochlin na ya Parker na Pollock, uyaulize hapa. Ningekushauri uanze na Rosemary Karuga. Alizaliwa Kenya mwaka 1928 na kusoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika shule iliyoasisiwa na mwanamke, Margaret Trowell. Kisha alifundisha shule kwa miongo kadhaa, na kazi zake zinazojulikana alizitengeneza baada ya kustaafu: picha za wanyama na maisha ya kijijini, zilizopangwa kwa vipande vya karatasi za sabuni na za pakiti za unga, kwa sababu rangi zilikuwa ghali. Mwaka 1990 zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem. Karuga alifariki mwaka 2021. Soma pia kuhusu Theresa Musoke wa Uganda, ambaye akiwa mwanafunzi wa Makerere alichora picha ya ukutani katika bweni la wanawake la Mary Stuart, na ambaye baadaye aliishi uhamishoni Nairobi kwa miaka mingi.

Vitabu pekee havitakutosha. Tafuta vijitabu vya maonyesho ya zamani, kurasa za utamaduni za magazeti ya miaka ile, na kumbukumbu za chuo cha Makerere. Zungumza na wanafunzi wa walimu hao wangali hai, na uwaulize yale ambayo mara nyingi hayaandikwi: nani alinunua rangi, nani alibaki na watoto, chumba cha kuchorea kilikuwa wapi, na kazi zilizobaki ziko mikononi mwa nani sasa.